Aliyepiga Stata

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Mnunuzi wa lori akija, mpeni kadi ya gari.~~ Msimpe kitu.

Asubuhi hii nilikuwa natoa upepo kwenye pampu ya dizeli, maana lori halijawaka tangu tumzike baba yenu. Nikalegeza nati ya pampu, nikasikia mtu anapanda mbele. Nikadhani ni wewe, kaka mtu. Nikajisemea leo jua limechomoza magharibi. Nikasema, "Piga." Stata ikazunguka, mapovu yakatoka. Nikasema, "Acha." Ikaacha. Mara tatu hivyo, mpaka dizeli ikaja safi. Nikakaza nati, lori likawaka.

Nikaenda kukushukuru. Hakuna mtu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na wewe ulikuwa kitandani unakoroma, mvivu mkubwa. Kiti cha dereva nilikivuta mbele jana kwa mkono wangu. Sasa kimesukumwa nyuma kabisa, kama alivyozoea kukiweka mwenye miguu mirefu.

Nimekwenda kwa mnunuzi kumwambia haliuzwi. Ufunguo ninao, na lori bado linanguruma uani. Mkisikia limezima, msitoke kuangalia. Semeni tu, "Pole na safari, baba."

Mama yenu