Kipande Namba Arobaini na Moja

Mwaka umetimia, Baba Kiyomitsu Tadokoro, tangu tulipokuaga hapa Sendai, na bado Mama hamwagi chai iliyopoa bila kuangalia kwanza kama umesahau waya ndani yake.

Ulikuwa mpole, ila mtu wa kushuku. Maziwa uliyanusa mara mbili. Gesi uliifunga, ukatoka, ukarudi kuikagua. Kazini hukuamini tokeo lolote mpaka ulirudie. Miaka ishirini na sita uliyeyusha metali za niobi, titani na nikeli, ukitafuta mchanganyiko unaoganda kwa mkupuo mmoja katika tabaka nyembamba zilizolaliana, usiokatika upesi, na ambao ukipindwa kisha ukapashwa moto hurudia umbo lake. Mjukuu wako Kotoha hakujali tabaka. Alitaka tu upinde waya, uuzamishe kwenye supu ya miso, unyooke, apige makofi.

"Baba Michiru, hiyo ni supu au maabara?" Mama aling'aka.

"Onja kwanza, ndiyo ugombe," ulimjibu, ukaendelea kula.

Kipande namba arobaini na moja kilivutwa, kikapindwa, kikakataa kukatika. Wenzako walishangilia; wewe ulisema tu, "Bado." Kabla hujarudia ukaugua. Bwana Numazaki, mwenzako wa kazi, aliandika ripoti kwa jina lako, akichukua muda wa kupasha kwenye karatasi ya ratiba iliyobandikwa mlangoni pa tanuri: saa tano. Ulifariki. Kisha barua zikaanza kuja: watu wamefuata saa tano, na waya wao unakatika kama tambi kavu. Wakanong'onezana kwamba Tadokoro alidanganya.

Tangu hapo Bwana Numazaki alikuja kila mwezi, tarehe uliyofariki, na mochi za zunda, vitafunio vya mchele vilivyopakwa soya mbichi iliyopondwa. Alikuwashia ubani, akainama, halafu swali lile lile.

"Shemeji, lile daftari jeusi la kazi yake halijaonekana?"

"Halijaonekana, shemeji," Mama alimjibu. "Kula mochi."

Lilikuwa nyuma ya picha yako, ndani ya kabati la ibada, karibu na goti lake.

"Huyu anatafuta pa kutupia lawama," Mama alimwambia dada Michiru, binti yenu. "Marehemu hajibu. Akilipata atachana ukurasa, halafu atatupa pole."

"Labda anataka kusaidia, Mama."

"Mtu wa kusaidia hatazami kwa kuibia hivyo. Umeona anavyolitazama kabati la ibada?"

Sote tulimwamini Mama. Tulikula mochi zile kwa kinyongo, ingawa hatukubakiza hata moja.

Mwezi uliopita, akipangusa vumbi kwa ajili ya ibada ya mwaka, Mama alilifungua daftari kwa mara ya kwanza. Ndipo alipotueleza kwa nini hakulifungua mapema. Hakumshuku Numazaki peke yake. Alikushuku na wewe, kwamba huenda ulidanganya kweli, na aliogopa kusoma.

Uliandika hivi: "Namba 41 imeingia tanurini asubuhi. Fusae ameanguka ngazini, nimeitwa hospitali. Nimekaa naye. Nimerudi siku ya tatu, tanuri bado linawaka. Naona aibu kuwaambia. Nitarudia kwanza."

Wewe, uliyekagua gesi mara mbili, uliliacha tanuri likiwaka siku tatu! Mama, Fusae huyo huyo, aliketi sakafuni akalia. Kisha akampigia simu Bwana Numazaki.

Alikuja, akasoma akiwa amesimama mlangoni, hata viatu hajavua. "Shemeji, zile saa tano niliziandika mimi kwenye ripoti," alisema. "Sikumtilia shaka hata siku moja. Nilikuwa natafuta kosa langu."

Alirudia kazi yako, safari hii akipasha kwa siku tatu kamili. Chini ya hadubini zile tabaka zilikuwa zimekatikakatika na kuwa chembe za mviringo, na waya ukakubali kupindwa. Juzi alituletea kipande. Mama alikizamisha kwenye kikombe chako cha chai, mbele ya picha, na kikanyooka. Kotoha alipiga makofi. Barua ya kusafisha jina lako imekwisha tumwa.

"Baba Michiru, nisamehe," Mama alisema. "Uliliacha tanuri kwa ajili yangu, nami nikakushuku mwaka mzima."

Unakumbukwa na mkeo Fusae, binti yako Michiru, wanao wengine na mjukuu wako Kotoha. Safari hii, kwa agizo la Mama, jina la Shemeji Numazaki limo pamoja na yetu. Maadamu tuko hai, Baba, hutasahaulika.