Baba Alipombeba Mkwewe

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Chole hatujambo, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama ni aibu kumwinua mama mkwe wako mgonjwa wakati mkeo yuko kazini. Nami niliwahi kushtuka. Siku moja mama alikwenda msibani Bwejuu. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta baba amembeba bibi, mama yake mama, aliyepooza miguu. Mtu na mkwewe, ambao hata chumba kimoja hawakukaa! Madaftari yalinidondoka.

Bibi alikuwa amejifunika uso kwa kanga, na baba amefumba macho.

“Usiniangalie, mwanangu,” bibi akamwambia baba.

“Sikuangalii, mama, ila mlango siuoni.”

Nilimshika baba shati, nikamwongoza hadi uani kwenye jua. Jirani akamtania baba kwa kelele, “Haya, bibi harusi, na uji upike!”

“Nimeshaupika,” baba akajibu. “Lete bakuli.”

Bibi akacheka ndani ya kanga. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka mbele ya baba.

Basi mkweo akijifunika uso, mwache ajifunike. Nawe fumba macho ukitaka, lakini mwinue.

Bibi yako, Chole