Sidii Iliyokwenda Tanga

Jumapili, 17 Agosti 2025

Shufaa amechaguliwa! Naliandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Chuo kule Doornfontein kina maonyesho ya vijana wanaotengeneza magemu ya kompyuta. Jumamosi ya tarehe 13 Septemba. Wameomba watoto wa Joburg nzima, mpaka wa Sandton kwa matajiri, wanaoshushwa na madereva. Wamechukuliwa wachache na wangu yumo. Wangu! Mtoto wa fundi cherehani wa Fordsburg. Wakiipenda kazi yake wanaweza kumpa nafasi ya kusoma pale mwakani bila ada. Sijisifu. Lakini kama ukweli wenyewe ndio sifa, mimi nifanyeje?

Nimemwambia anieleze tena, nipate kuwaeleza watu. Gemu si lake, ni la wazungu, la zamani, la mji na soko. Yeye amelifumua akalishona upya. Wenyewe wanaita modi. Nikasema basi ni kama mimi, mtu ananiletea gauni nalipunguza kiuno, natia mikono mirefu, mwenyewe halitambui. Akacheka. "Sharp, Ma. Ndiyo hiyo."

Sasa soko lile limekuwa la Tanga. Na mama muuza vitambaa anasema kwa sauti yangu! Tulirekodi ndani ya kabati la nguo, nimefunikwa blanketi, jasho linanitoka. "Karibu mteja, kushika si kununua." "Bei ya kwanza ni salamu tu." "Usiondoke hivyo, nawe sema yako." Kila neno aliniuliza maana, akalirudia mpaka ulimi ukalizoea. Huyu huyu ambaye toka azaliwe namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza! Wifi Mayasa, dada wa marehemu mume wangu, akipiga simu kutoka Tanga, mtoto anasema "hi, aunty" kisha ananitupia simu kama kaa la moto. Wifi huniambia nimezaa mzungu mweusi. Hewala. Aje asikie sasa.

Amebaki muuza machungwa tu, hana sauti. Shufaa anasema yangu haifai tena, watu watajua ni mtu mmoja.

Jumatano, 20 Agosti

Jirani yangu Zubeda kaja kuchukua buibui lake. Nikampa habari ya maonyesho — kwa mara ya tatu, anasema yeye, mimi sikuhesabu. Akanipongeza vizuri tu. Halafu: "Ila mama Shufaa, mtoto bado anatumia sidii? Bakiri wangu ananunua mtandaoni, anabonyeza, limeingia. Sidii siku hizi watu wanafukuzia ndege."

Imeniuma. Nimemshonea pindo limenyooka kama barabara, na malipo ndiyo hayo.

Ila nilipokwenda kuiangalia ile sidii yenye gemu lake... kweli. Tuliinunua mitumba pale karibu na maduka ya Plaza. Kasha limepasuka, na juu lina jina la mtoto mwingine kwa kalamu nzito. *Brandon.* Mwanangu asimame mbele ya maprofesa na kitu cha Brandon? Haiwezekani.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemnunulia! Jipya, la mtandaoni!

Bakiri, mtoto wa Zubeda, ndiye aliyenifanyia. Yuko duka la simu, mambo hayo kwake maji. Alikuja Shufaa akiwa tuisheni.

"Kasha liko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna kasha, mama mkubwa. Limo humo."

"Humo wapi?"

"Kwenye akaunti yake."

"Na nikitaka kulishika?"

"Halishikiki."

Eish. Fedha imetoka, mkono mtupu. Nikamwambia basi aniprintie picha yake, ya rangi. Nimeitia kwenye bahasha na utepe wa satini. Zawadi lazima ifunguliwe, bwana.

Shufaa kafungua. Kaitazama picha, kanitazama mimi, kanikumbatia. "Asante sana, mama." Kiswahili kitupu! Furaha ilimzidi.

Jumanne, 26 Agosti

Mtanga mwenzetu Twalib anaondoka kesho kwa basi, anakwenda nyumbani kuwahi Maulidi. Nimempa begi. Sheria ya nyumba yangu ni moja: kipya kikiingia, cha zamani kinakwenda nyumbani. Koti la Shufaa la shule lililombana, viatu, sufuria, shuka mbili.

Na ile sidii! Sasa ya nini? Kasha nililiona juu ya meza, tupu. Nikatafuta wee. Kumbe imesahauliwa ndani ya kompyuta. Nikabonyeza kidude, ikatoka yenyewe kama ulimi. Nimeifuta kwa kitambaa laini, na jina la Brandon nimelisugua kwa spiriti mpaka likaisha. Ni ya Nassir, mtoto wa wifi Mayasa. Ana kompyuta ya zamani aliyopewa kazini, hana cha kuchezea.

Nikamtumia wifi ujumbe wa sauti kabisa: "Safari hii siyo makapi, wifi. Safari hii ni kitu cha wasomi." Maana yeye kila begi likifika husema tunawatupia makapi ya Joburg.

Shufaa yuko kwenye mitihani ya majaribio ya matriki, ile ya kumaliza shule, hainui kichwa. Sikutaka kumsumbua.

Jumapili, 31 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mitihani imepumzika, Shufaa kafungua kompyuta amalizie kazi yake. Nikamsikia anafungua droo. Anafunga. Anafungua tena. "Ma, sidii iko wapi?"

Nikamjibu kwa kujidai! "Iko njiani kwenda Tanga, mwanangu. Nassir atakuombea dua."

Akakaa chini. Pale pale, sakafuni.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alinieleza polepole, Kiingereza na Kiswahili, kama anayemweleza mgonjwa. Kazi yake yote imo kwenye kompyuta, haijapotea. Lakini gemu lile la zamani halifunguki mpaka sidii iwe ndani. Sidii ndiyo ufunguo. Na hili langu jipya halina msaada, kwa sababu wenye nalo wanalibadilisha wapendapo, huko huko waliko, hawakuulizi. Modi yake ilikatwa kwa kipimo cha lile la zamani. Hapa haikai.

Nikasema jaribu. Akajaribu ili kuniridhisha. Mji ukatokea. Soko likatokea, lakini majina ya maduka yamekuwa viboksi vitupu. Yule mama muuza vitambaa, yaani mimi, akafungua mdomo. Akafumba. Akafungua. Sauti hakuna.

Nimejiona bubu.

Hapo nikaelewa, kifundi. Nimemnunulia suti ya kukodi. Unaivaa, unapendeza, lakini si yako, ukitia mkasi umekosa. Ile ya Brandon ilikuwa imechakaa lakini yetu. Ndiyo maana ilifumuka. Ndiyo maana hata niliweza kuitoa zawadi!

"Kwa nini hukuniambia siku ile ya bahasha?"

Akasema nilikuwa na furaha sana. Akasema ni fine, Ma. Naijua fine hiyo.

Jumatatu, 1 Septemba

Bakiri kasema anaweza kuvunja hiyo kufuli ya gemu, kuna njia. Shufaa kakataa kabla hajamaliza. Masharti ya maonyesho ni gemu uwe umelinunua, siyo la kuvunja. Nami nimesema hatuingii chuoni kwa mlango wa wizi.

Tumezunguka Fordsburg, mimi na Zubeda. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Kanibebea na mkoba. Muuzaji mmoja kasema sidii za kompyuta hajaziona tangu harusi yake. Mwingine kachimba nyuma ya dari katoa kasha — lenyewe! Picha ile ile! Nimelikumbatia, jipya, limefungwa nailoni. Tumelifungua pale pale. Ndani hamna sidii. Karatasi! Kikaratasi chenye herufi na namba, uende ukabonyeze mtandaoni.

Zubeda akamtolea yule bwana maneno ya kwao Unguja ambayo sitayaandika hapa. Tukarudi. Kwenye robot ya mwisho, taa za barabarani, akanishika mkono, akasema, "Mimi ndiye niliyekutia maneno." Nikamwambia maneno ulinitia wewe, masikio yalikuwa yangu.

Jumatano, 3 Septemba

Begi limefika, basi lilikuwa limeharibika njiani. Wifi kanitumia sauti, ndefu, na vigelegele ndani yake. Nassir ametembea na sidii mtaa mzima. Ameiweka kwenye kabati la vioo, na vikombe vya harusi! "Safari hii wifi yangu umetuheshimu. Nimewaambia watu, Joburg wametukumbuka."

Nimeisikiliza mara nyingi. Kila mara nazidi kuzama kwenye kiti.

Twalib nimempata. Anaanza safari ya kurudi Jumatatu alfajiri, Ijumaa atakuwa hapa inshallah. Maonyesho Jumamosi. Wifi akimpa sidii kabla hajapanda basi, tunawahi. Kwa hiyo kilichobaki ni mimi kufungua mdomo na kuomba.

Nimeshika simu. Nimeiweka. Zawadi uliyoitoa na kujisifia, ukairudie? Huko ni kula matapishi yako. Na kwa wifi Mayasa! Atalisema mpaka kwenye matanga yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Nimempigia. Tumesalimiana. Tumeongea pilau, ubani, nani kaolewa, nani kaachika. Nikasema "wifi, kuna jambo." Akasema "sema mamaangu." Nikamuuliza bei ya nazi.

Shufaa kauliza, umemwambia? Nikasema mtandao ulikatika. Siku ya Maulidi!

Jumapili, 7 Septemba

Nimekaa jikoni naandika, ili mikono yangu iwe na kazi isikimbilie simu.

Shufaa yuko sebuleni. Anaongea na wifi Mayasa. Yeye mwenyewe!

Baada ya chai kaja kasimama mbele ya cherehani. "Mama, mtandao haukukatika." Kaendelea, kwa Kiswahili, anapapasa neno kama mtu anayetafuta swichi gizani: "Ni kitu changu. Mimi nitaomba." Nikamwambia shangazi yako ana ulimi, hutamweza. Akasema nipe namba.

Kaweka spika. Nasikia yote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba... nani huyu?"

"Shufaa. Wa Joburg."

"Muongo! Shufaa hasemi Kiswahili."

"Nasema kidogo. Naomba radhi, shangazi. Ile sidii, mama alitoa, lakini hakujua. Ni yangu. Ya kazi."

Yaani moja kwa moja! Hata hali ya watoto hajauliza! Nimejifunika uso kwa kitenge cha mteja.

Wifi hakukawia. "Alaa! Kumbe zawadi za Joburg zina kamba, zinavutwa? Na mama yako yuko wapi, amemeza ulimi?"

Nikasimama. Nikakaa. Mlango uko wazi, namwona Shufaa kwa nyuma, masikio yamekuwa mekundu kama ya baba yake akikasirika. Nikajua sasa itakuja "fine". Itakuja Kiingereza, atanitupia simu.

Akavuta pumzi. "Shangazi, bei ya kwanza ni salamu tu. Usiondoke hivyo. Nawe sema yako."

Kicheko! Wifi Mayasa kacheka mpaka kakohoa. Kicheko hicho sijakisikia tangu kaka yake alipokuwa hai. "Nani kakufundisha maneno ya sokoni wewe?"

"Mama. Yako kwenye gemu. Mama anauza vitambaa."

"Anajisifu humo pia?"

"Sana."

Haya. Nimeyasikia hayo, nimeyaandika.

Akamweleza soko, maduka, maonyesho, kwa maneno machache na ya kuokota. Halafu akasema kitu ambacho mimi hajanidokeza hata siku moja. "Kuna muuza machungwa. Hana sauti. Nataka mtu wa Tanga kweli."

"Mimi?"

"Ndiyo."

"Bure bure tu?"

"Sema yako, shangazi."

"Ngoja kwanza nifunge mlango, majirani wasidhani nimefilisika nauza barabarani." Nasikia viatu vyake. Nasikia mlango. Nassir nyuma anauliza kuna nini, anaambiwa anyamaze, watu wanarekodi.

Na sasa hivi anaita! Machungwaaa! Ya Muheza hayo, ganda jembamba, maji tele, asiye na mwana aeleke jiwe anunue! Sauti imejaa nyumba nzima. Shufaa anaangua kicheko, anamwambia, "Tena, shangazi. Kuna kelele."

Kelele ni birika langu. Nimenyata kwa vidole vya miguu, nikalizima.

Twalib anapanda basi kesho alfajiri na sidii bado iko kwenye kabati la vioo. Hakuna aliyeitaja tena. Nimechungulia mlangoni nimkumbushe mtoto, nimeshafungua mdomo — akaniwekea kidole, nisiseme. Mimi!

Nimenyamaza. Wifi anaanza tena, mara hii polepole, anamuuliza Shufaa kama aongeze na ndimu, kisha anamwambia Nassir afungue lile kabati la vioo, ampelekee Twalib sidii kabla hajalala.