Sweta Limo, Mtoto Hayumo

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Kile kikohozi kimepungua? Wifi na watoto wameizoea baridi? Sisi hapa tu wazima, ila goti langu ndilo linaloamka kabla yangu. Unakula vizuri lakini? Kwenye picha ya mwisho niliona mashavu yameingia ndani.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, usishangae ukiona kama kuku kapita kwenye unga. Mpwa wako Kidoti hajui kama nakuandikia. Haya ni ya mimi na wewe, tulionyonya ziwa moja.

Unayakumbuka yale makaratasi uliyonitumia mwaka jana, makala yako ya kemia iliyotoka kwenye jarida kubwa? Uliniambia, "Dada, hiyo ndiyo kazi yangu." Nikaibeba mbio kwa fundi wa fremu. Akanitania, "Mama, hii hati ya nyumba nini?" Nikamwambia ni hati ya mdogo wangu niliyemlea mgongoni. Nikaitundika sebuleni, mkabala na mlango, kila aingiaye aione. Kila Jumamosi Kidoti anaifuta vumbi. Anaifuta na hasemi neno. Mimi nikadhani ni adabu.

Mwezi uliopita, chuo alichoomba kwenda kuendelea na masomo kikamkatalia. Walimuuliza makala zake ziko wapi. Kumbe kwa watu wa kemia, jina lako lisipokuwa kwenye makala ni kama hujawahi kushika chupa. Alilia bafuni, kafungulia maji ili nisisikie. Mama gani asiyesikia?

Nikamkalisha chini ya fremu, nikamwambia nisomee. Akasita, akasoma. Ni zile fuwele za kobalti, zile chembe za rangi kama wino, alizokuwa akizikuza kwenye maabara yako miaka miwili kabla hujahama. Jina la kwanza lako. La pili la rafiki yako wa huko, ambaye hata mlango wa maabara ile hajauona. La tatu halipo. Nikamwambia angalia vizuri, pengine liko nyuma. Akacheka, mdogo wangu. Kicheko kile sikitaki tena nyumbani kwangu.

Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema, "Hapa upo wewe, mama." Wameandika kwamba chupa ilifungwa sufu ili ipoe polepole. Sweta langu! Lile la kijani nililompa kwa sababu ya baridi ya maabara. Fuwele zilikuwa zinatoka unga mtupu, zinapoa haraka mno, hadi yeye alipolivua akaifunga nalo chupa. Likanirudia na doa la buluu kifuani, nikamgombeza. Basi sweta langu limo kwenye jarida la wataalamu, na mtoto aliyelivua akabaki anatetemeka hayumo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimetoka tumbo moja na mimi.

Ameniambia pia aliwahi kukupigia simu. Ukamjibu, "Tulia mjomba, ya safari ijayo utakuwemo." Zimetoka nyingine mbili. Hayumo.

Ungemfanyia hayo ukanyamaza, ningesema ni tamaa, imempitia binadamu. Lakini ulinitumia mimi niitundike. Ulijua dada yako kaishia darasa la nne, lugha ile haisomi. Nimewaita majirani, nimewapa chai, nimepiga makofi, kumbe nashangilia mwanangu akivuliwa nguo. Hapo ndipo uliponikata.

Sasa nakuomba. Kidoti anasema wenye jarida husahihisha, mradi mkubwa wa kazi aandike mwenyewe. Chuo kitayaangalia tena maombi yake mwisho wa mwezi ujao. Andika. Usinieleze mimi, kemia siijui. Waeleze wao.

Fremu nimeishusha. Kidoti aliniuliza kulikoni, nikamwambia ukuta una unyevu. Akatazama ukuta mkavu.

Nisalimie wifi, uwakumbatie pacha wangu wale, na shangazi akipiga simu mwambie bado nipo. Mungu akulinde, na hapo penye moyo apalainishe.

Kwenye kifurushi hiki kuna sweta uliloniomba nikufumie. Nilipofika mkono wa pili nilitaka kuliacha vilevile, likufikie kilema. Nikakifikiria hicho kifua chako, nikashindwa. Nimelimaliza. Sikuweza kukuacha kwenye baridi. Wewe mwanangu ulimwacha.

Dada yako, akupendaye hata pendo lenyewe linapouma,

Mama Kidoti