Kaa Aliyembana Mama Kavata

Aoko,

Kaa ambao baba yako amewaleta kutoka Mombasa wako hai, ndani ya karai chini ya kitanda. Nimewafunika kwa sinia na jiwe juu. Usiliondoe mpaka maji yachemke. Tia chumvi na tangawizi, watumbukize mmoja mmoja kwa koleo la makaa, si kwa mkono.

Makosa ni yangu. Asubuhi nilikata nyuzi walizofungwa nikatundikia pazia, nao wakatoka matembezi. Mmoja akamkuta Mama Kavata akifua pale mferejini, akambana kidole cha mguu. Ningesema pole, mambo yaishe. Lakini aliruka na beseni lake mpaka mlangoni kwa kina Mativo, nami nikacheka hadi nikaegemea ukuta. Sasa haniongeleshi, na leo ni Jumamosi, siku yetu ya umbea. Habari za mtaa nitazipata kwa nani?

Yule mkubwa mwekee baba yako. Hapana, hilo nimelikata. Mpelekee Mama Kavata kwa sahani ya maua, useme, "Mama anasema aliyekubana ndiye huyu. Mtafune upendavyo." Kama si yeye, ni nduguye.

Mimi niko kanisani, mazoezi ya kwaya. Akicheka, njoo uniite mbio.

Mama yako