Si Baba Aliyeweka Kopo Motoni

Chumba cha nyuma, karakanani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko. Kifua kimetulia? Watoto hawajambo? Sisi huku tunashukuru, tunapumua. Mama yako hajambo, ila goti lake linanung'unika kila akipanda ngazi. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Barua uliyomwandikia baba yako, Mjomba wangu, ilifika Jumanne. Kwa kuwa hawezi kushika karatasi, nilimsomea mimi. Nilipofika pale ulipomwambia kuwa uzee umemfanya mzembe, aifunge karakana kabla hajaiteketeza nyumba na Mama ndani, nilitaka kuruka mstari. Akanishtukia. "Soma yote, mpwa wangu," akasema. "Hiyo ni barua yangu." Nilipomaliza akasema, "Ana haki. Mwandikie kwamba nimekubali."

Dada, hana kosa la kukubali. Aliyeweka kopo motoni ni mimi.

Unayajua yale mafuta mazito anayopaka miko na mabakuli ili mti usikauke ukapasuka. Alitufundisha sote wawili: nta ya nyuki sehemu moja, mafuta ya nazi sehemu tatu, kopo likae ndani ya sufuria ya maji, nta iyeyuke polepole. Nta haitakiwi kuonana na moto uso kwa uso. Siku ile ya ajali mteja alikuwa anakuja saa sita kuchukua mabakuli kumi na mawili na meza ya jikoni, nami nilikuwa nimechelewa kazi. Maji yakagoma kuchemka. Nikalitoa kopo majini, nikaliweka juu ya jiko lenyewe, nikageuka kupiga msasa bakuli la mwisho.

Nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanika. Kopo lilikuwa linawaka. Nami kwa ujinga wangu nikachota maji, nikamwagia. Usiombe kuona, Dada. Moto uliruka hadi darini, na sakafu yote ilikuwa maranda. Mjomba aliingia mbio, akanisukuma pembeni, akalishika kopo kwa mikono miwili na kutoka nalo. Hakulitupa njiani, maana lingewasha maranda. Alilibeba mpaka uani, hatua kumi na nne. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Hospitalini, kabla sijafungua mdomo, alimwambia nesi, "Nilisinzia, binti. Uzee huu." Tulipokuwa tunarudi akaninong'oneza, "Dada yako asijue. Mko wawili tu. Mkigombana, nani atabaki na nani?" Nami nikakubali. Tangu hapo nina fupa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Mkono wa kushoto umepona kiasi. Wa kulia vidole vitatu vimeshikana na havitakunjuka tena. Yeye anafanya mzaha. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alituambia, "basi chawa wangu wamepata amani." Mama alicheka, kisha akaingia jikoni na hakutoka upesi.

Ijumaa, kwa sababu ya barua yako na ya ukimya wangu, fundi wa viti alikuja kuchukua mashine ya kukerezea na randa zote. Alimpa Mjomba mkono kwa mazoea, halafu akakumbuka, akamshika kiwiko. Mjomba alisimama mlangoni mpaka mkokoteni ukapinda kona. Hata hapo ningeweza kusema. Sikusema.

Jana akaniita. Yalikuwa yamebaki mabakuli saba, ya mwisho aliyoyakereza kwa mikono yake, bado makavu. "Tusiyaache hivyo," akasema. Basi tukapika nta, yeye mdomo, mimi mikono, kopo ndani ya maji. Nilipaka, nikaacha mti unywe, nikafuta. Zamani alipima ulaini kwa kidole gumba. Sasa kidole hakisikii, kwa hiyo nilimwekea bakuli shavuni. "Hapa panakwaruza bado," akasema, nikapiga msasa tena. La saba alikaa nalo shavuni muda mrefu kuliko kupima kunavyotaka, amefumba macho. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia.

Hajui kama nimeandika. Mama naye hajui. Nikishaifunga barua hii nitawaeleza wote wawili.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu wale pacha. Mama anakuombea, nami namwitikia amina. Mungu aifunike nyumba yako kwa rehema zake.

Sikuombi msamaha leo. Nakuomba umpigie baba yako simu. Mama atamshikia sikioni. Mwambie hakuwa mzembe. Mwambie umejua alivyolibeba lile kopo. Mimi usiniulizie, nitakuwa uani, naweza kungoja.

Mdogo wako, anayekupenda hata ukiikunja barua hii bila kuijibu,

Kijiti