Barua Yako Waliyoicheka

Mama,

Umepumzika huko? Mimi sijapumzika tangu tukuzike, na si machozi tu. Nina hasira. Jana niliibamiza sufuria chini mpaka ikabonyea, nikakusikia kabisa ukisema, "Moraa, sufuria imekukosea nini?"

Nyakundi amepatikana. Mwanao aliyekwenda ng'ambo akapotea, uliyemtafuta kote, yu hai, ni mzima, yuko Amerika. Ngoja nikueleze yote, maana nisipokueleza nitapasuka.

Unaikumbuka siku tuliposhuka Kisii mjini, kwenye duka la Mama Zainabu lenye kompyuta. Nilikwambia kuna kundi la barua pepe la Wakisii walio ng'ambo, ukituma barua moja wote wanaisoma. Nikasema niiandike mimi niliyefika kidato cha nne. Ukakataa katakata. Ulikuwa umejifunza kuandika ukubwani, darasa la ngumbaru pale Manga, na barua zote za kumpelekea Nyakundi akiwa bweni uliandika kwa mkono wako. Ukatoa karatasi kwenye leso: "Pigeni chapa hivyo hivyo. Msinitengenezee. Mwanangu akisoma ajue ni mimi." Mama Zainabu akapiga hivyo hivyo: "Mwanagu Nyakundi, ni mimi mama yako. Uko wabi? Kama mambo imekuwa ngumu rudi tu, ndisi iko."

Tukarudi wiki iliyofuata kutafuta jibu. Bwana mmoja, ati msomi, alikuwa ameirudisha barua yako kwa kundi zima, ameisahihisha neno kwa neno, na chini yake ameandika kwamba watu kama hawa ndio wanaotuaibisha. Wengine wakaongeza vicheko. Hakuna hata mmoja aliyejibu ulichouliza. Mama mzima anauliza mwanawe yuko wapi, wao wanakagua herufi! Nilitaka kukuficha, lakini ulikuwa unasoma mwenyewe, kidole kwenye kioo. Ukajifunga leso upya, ukamshukuru Mama Zainabu, ukatoka. Nilikusihi uandike tena. Ukasema, "Wacha. Nimemwaibisha mtoto." Sukari ikakuzidi, ukafa ukiamini hivyo.

Huyo msomi alilelewa na nani, jamani? Wewe shule hukuiona, lakini adabu ulikuwa nayo. Siku ile mchungaji aliposoma fungu vibaya na kanisa zima likaguna, wewe ulitulia tuli. Baada ya ibada ukampelekea uji nyuma ya kanisa, ukamwambia polepole, mkiwa wawili tu. Mpaka leo sijui lilikuwa neno gani. Nilikuuliza mara ngapi, ukaniambia nikaoshe vikombe!

Baada ya mazishi nilituma tangazo kwa kundi lile lile. Eh, wakaja! Rambirambi zilizonyooka, hakuna herufi iliyopotea. Yule msomi alikuwa wa kwanza, akakuita mama yetu mpendwa. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Ekegusii pale pale dukani, mpaka Mama Zainabu akafunga mlango wateja wasisikie.

Halafu ikaja barua ya Nyakundi, kwangu peke yangu. Kumbe alikuwa kwenye kundi siku zote. Huko wanamjua kwa jina la ubatizo tu. Anasema alipoiona barua yako, neno la kwanza tu lilimtosha, akajua ni wewe. Alitaka kujibu. Kisha vicheko vikaanza, akaogopa watajua ni mama yake. Akangoja viishe. Vikaisha, Mama, naye akaendelea kungoja.

Ulikuwa unamwita, naye alikuwa anakusikia! Nimesoma barua hiyo mpaka macho yakaniuma. Mkataa kwao ni mtumwa, lakini huyu alikukataa wewe, na hakuna methali ninayoijua ya kumtosha.

Anaomba msamaha. Anasema atakuja Desemba. Sitamfungia mlango, kwa sababu wewe usingemfungia, ila usiniombe nimchekee.

Pumzika sasa, Mama. Hukumwaibisha mtu yeyote, nisikie vizuri. Na ninakuahidi hivi: siku atakayofika nitaita majirani, mchungaji, na wenzako wote wa ngumbaru. Hatakaa, hatakunywa hata maji, kabla hajasimama kaburini pako na kusema kwa sauti, kila mtu asikie, "Huyu ni mama yangu."

Bintiyo,
Moraa